Kuunda Kihariri Huria katika Mifumo Mbalimbali ya Kompyuta: Tatizo la Istilahi

Katika kazi yetu ya kusanifu istilahi hutukia mara kwa mara kwamba neno moja lililofasiriwa vibaya hukaa kimya ndani ya hati kwa miezi mingi bila ya kumdhuru mtu, kisha siku moja likasimamisha kazi. Jambo hilo lilitufika hivi karibuni. Tuliletewa kwa ajili ya kusahihishwa mwongozo wa kuwafundisha watumishi wa idara moja namna ya kuunda na kutumia kihariri cha matini katika kompyuta zao, ambazo hazikuwa za aina moja. Mwongozo huo ulikuwa umekwisha kutumika. Tangu ukurasa wa kwanza mfasiri alikuwa ameandika kwamba programu inayohusika ni “ya bure”. Mhasibu alipoletewa hati ya malipo ya fundi aliyeiunda programu hiyo na kuongeza humo menyu za Kiswahili, alikataa kuidhinisha, akauonyesha mstari ule kwa kidole na kuuliza kitu cha bure kinalipiwaje. Idara hiyo hiyo, ikiamini kuwa cha bure hakina masharti, ilikuwa pia imekwisha kuigawa programu iliyorekebishwa kwa taasisi nyingine bila ya msimbo wake wala ahadi ya kuutoa, jambo ambalo leseni inalikataza waziwazi. Fundi alikaa bila ya ujira wake, na idara ikawa imevunja leseni pasipo kujua.

Makala haya yanakusudia kuwaeleza wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ni nini hasa hutendeka mtu anapounda kihariri huria katika mifumo mbalimbali ya uendeshaji, na ni maneno gani ya Kiswahili yafaayo kulieleza tendo hilo. Tumechagua kihariri kimoja tu, kiitwacho Emacs, kwa sababu historia yake inajulikana, msimbo wake u wazi kwa kila mtu, na kimekwisha kuundwa katika mifumo mingi mno.

Kwanza tulimalize jina. Kihariri ni programu ya kuandikia na kusahihishia matini ndani ya kompyuta. Kiambishi ki- kinatutosha hapa, kama kinavyotutosha katika kifaa na kifutio, kwani mhariri ni mtu na kihariri ni chombo. Tunataja jambo hili dogo kwa sababu katika rasimu moja tuliyoiona iliandikwa kwamba ofisi “inahitaji mhariri wa matini katika kila kompyuta”, na tunaambiwa kwamba watu wawili walileta barua za kuomba kazi.

Emacs ya kwanza ilitokea mwaka 1976 katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani. Haikuwa programu iliyosimama peke yake, bali mkusanyo wa amri zilizoandikwa kwa lugha ya kihariri kikongwe zaidi kiitwacho TECO, na iliendeshwa katika mashine za PDP-10. Mwaka 1983 kampuni ya Digital ilisimamisha uendelezaji wa mashine za jamii hiyo, na programu zilizofungamana nazo zikabaki kama mashua katika mto uliokauka. Septemba mwaka huo huo Richard Stallman, mmoja wa walioiasisi Emacs, alitangaza mradi wa GNU. Akaacha kazi chuoni Januari 1984, na mwaka 1985 akatoa GNU Emacs, iliyoandikwa upya kwa lugha za C na Lisp ili isifungwe na mashine ya aina moja. Kwa kuwa hakuwa na mshahara, alitangaza kwamba atakayetaka nakala katika utepe wa sumaku atapelekewa kwa malipo ya dola 150.

Tunawaomba wasomaji wetu wazitue hizo dola 150 mezani, kwa maana ndizo zinazoamua kesi. Programu iliuzwa, na mwenyewe akasema ni huria. Neno la Kiingereza alilolitumia lina maana mbili: kisicholipiwa na kisichofungwa. Wenye lugha hiyo wamekuwa wakihangaika nalo tangu hapo, wakilazimika kueleza kila mara ni maana ipi wanayoikusudia. Kiswahili hakina shida hiyo. Kina “bure” kwa maana ya kwanza, na kina “huru” na “huria” kwa maana ya pili. Kwa hiyo mfasiri anayeandika “bure” huiingiza katika lugha yetu shida ambayo haikuwamo. Isitoshe, neno “bure” limebeba kivuli kingine, kwani kazi bure ni kazi isiyo na faida, na aliyesema bure amesema ovyo. Afisa anayesoma “programu ya bure” huku akikumbuka kwamba rahisi huvunja upishi hana wa kumlaumu isipokuwa mfasiri.

Kati ya “huru” na “huria” tumesita kidogo. Wapo wanaopenda “programu huru”, na hoja yao ni nzuri, kwamba huru ndilo neno la nchi na la mtu aliyetoka kifungoni. Lakini “huru” hueleweka pia kama kisichomtegemea mwingine, na msomaji akiambiwa programu ni huru aweza kudhani kwamba inajitosheleza, haihitaji programu nyingine ili ifanye kazi. Emacs si hivyo hata kidogo. Inategemea maktaba nyingi za nje kwa ajili ya herufi, picha na mawasiliano ya siri. “Huria” limekwisha kuzoeleka katika soko huria na katika jina la Chuo Kikuu Huria, nalo hudokeza uwazi na ukosefu wa kizuizi bila ya kudokeza kujitenga. Tunapendekeza litumike hilo. Na uhuria wenyewe una sehemu nne, ambazo waasisi wake huzihesabu kuanzia sifuri kama ilivyo desturi ya waandishi wa programu: kuiendesha programu kwa kusudi lolote, kuichunguza na kuibadili, kuigawa, na kuigawa ikiwa imebadilishwa. Sehemu ya pili na ya nne haziwezekani pasipo msimbo chanzi, na ndiyo sababu leseni inamlazimu anayegawa programu autoe na msimbo. Ni kwa mlango huo ambapo mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliweza kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili.

Tumetumia maneno “msimbo chanzi” makusudi. Wafasiri husema matini chanzi na matini lengwa, na uhusiano uliopo hapa ni ule ule. Mwandishi wa programu huandika matini ambayo binadamu aweza kuisoma, na matini hiyo hugeuzwa kuwa maagizo ya nambari ambayo mashine yaweza kuyatenda. Kazi nzima ya kugeuza, kuunganisha na kutengeneza hata programu ikawa tayari kwa matumizi ndiyo inayohitaji jina. Wengi huandika “kujenga”. Sisi tunaona “kuunda” ni bora. Nyumba hujengwa pale pale itakaposimama, wala haijengwi upya kila mwenye nyumba anapohama. Kuunda, kwa asili, ni kazi ya fundi wa vyombo vya bahari. Mbao huchongwa mbalimbali, huunganishwa ufuoni, kisha chombo hushuliwa majini. Fundi yule yule, kwa kipimo kile kile, aweza kuunda chombo Lamu au Unguja, lakini hana budi kutazama mbao zinazopatikana huko na maji ya huko. Hivyo ndivyo ilivyo kwa Emacs.

Hatua ya kwanza ni kusanidi. Pamoja na msimbo huja hati ya amri ambayo, ikiendeshwa, huihoji mashine. Je, una kifasiri cha lugha ya C? Je, una maktaba ya picha? Je, kitendo fulani kipo katika mfumo wako, na kikiwapo, hutenda kama inavyotarajiwa? Namna ya kuhoji ni ya werevu sana. Hati huandika programu ndogo ya mistari michache inayokitumia kitendo hicho, hujaribu kuifasiri, na ikifaulu huandika “kipo” katika daftari lake. Isipofaulu huandika “hakipo”, nao msimbo utafuata njia nyingine. Hati hii yenyewe haikuandikwa yote kwa mkono, bali hutengenezwa na zana iitwayo Autoconf, iliyoanzishwa mwaka 1991 kwa sababu watu walichoka kuorodhesha kila aina ya mashine iliyopo duniani. Neno “kusanidi” limekwisha kukubalika, nasi hatuna la kuongeza.

Hatua ya pili ndiyo yenye mzozo. Zipo orodha za istilahi zinazokiita chombo kinachogeuza msimbo chanzi “kikusanyaji”. Hili ni tunda la kufasiri neno badala ya dhana, kwani neno la Kiingereza linalohusika hutumika pia kwa mtu anayekusanya maneno ya kamusi. Hakuna kinachokusanywa hapa. Kinachofanyika ni tafsiri, na lugha yetu ina utaratibu mzuri ambao wasomaji wa jarida hili wanauishi kila siku: mfasiri huichukua matini yote, huigeuza, na kuikabidhi ikiwa imeandikwa; mkalimani husimama kati ya watu wawili na kugeuza sentensi baada ya sentensi, papo kwa papo, naye akinyamaza mazungumzo yamekatika. Kompyuta ina vyombo vya namna zote mbili. Kile kinachogeuza msimbo wote kabla ya kutumika tunakiita kifasiri. Kile kinachogeuza amri moja moja wakati programu inaendeshwa tunakiita kikalimani.

Emacs inavihitaji vyote viwili, na hapa ndipo penye uhondo. Kiini chake kimeandikwa kwa C, na hugeuzwa na kifasiri kilichomo katika mashine. Ndani ya kiini hicho mna kikalimani cha lugha ya Lisp, na sehemu kubwa ya kihariri imeandikwa kwa Lisp. Lakini ukalimani ni wa polepole. Kwa hiyo Emacs ina pia kifasiri chake cha kuigeuza Lisp kuwa msimbo mfupi zaidi, na kifasiri hicho nacho kimeandikwa kwa Lisp! Nani atamfasiri mfasiri? Ni swali la kuku na yai, nalo hujibiwa hivi: kwanza huundwa Emacs changa yenye kikalimani tu, kikalimani hukisoma kifasiri kwa taratibu, sentensi kwa sentensi, kifasiri kikishaamka hujifasiri chenyewe, kisha hufasiri mafaili mengine yote. Anayepata toleo lililotangazwa rasmi hupewa mafaili ya Lisp yakiwa yamekwisha kufasiriwa, asione taabu hii. Anayechukua msimbo ghafi kutoka kwa waandishi wenyewe huiona yote, naye hana budi kungoja.

Baada ya hapo lipo jambo ambalo mwongozo tulioletewa uliliita “kutupa kumbukumbu”. Mwanafunzi gani hataogopa kuambiwa atupe kumbukumbu ya mashine? Ukweli ni kinyume chake. Kila kihariri kinapoanzishwa kingepaswa kuyasoma tena mafaili mengi ya Lisp, na mwandishi angekaa akingoja. Basi wakati wa kuundwa mafaili hayo husomwa mara moja, kisha hali ya kumbukumbu jinsi ilivyo wakati ule huhifadhiwa katika faili, kama samli inavyoganda ndani ya kopo. Kihariri kinapoanzishwa huyeyushwa na kutumika. Tunapendekeza “kugandisha” na “kuyeyusha”.

Historia ya kugandisha yaonyesha vizuri kwa nini mifumo ya uendeshaji hailingani. Kwa miaka mingi Emacs iligandisha kumbukumbu yake kwa kuandika faili jipya la programu yenyewe. Sasa, faili la programu lina umbo lake katika kila mfumo. GNU/Linux hutumia umbo liitwalo ELF, Windows hutumia PE, na macOS hutumia Mach-O, na hakuna mfumo kati ya hiyo unaolisoma umbo la mwenzake kwa tabia yake ya asili. Ililazimu kuwa na msimbo wa kugandishia wa pekee kwa kila umbo, na kila mfumo ulipobadilika kidogo, msimbo huo uliharibika. Mnamo mwaka 2016 watunzaji wa maktaba ya C ya GNU waliazimia kuondoa vitendo ambavyo mbinu hiyo ilivitegemea, na waandishi wa Emacs wakajikuta wanahimizwa na ndugu zao wenyewe. Toleo la 27 lililotoka mwaka 2020 lilileta namna mpya ambayo huigandisha kumbukumbu katika faili la pembeni lisilofungwa na umbo la mfumo wowote.

Kuhusu kuunganisha vipande vilivyofasiriwa hatutasema mengi, ila kukiri kwamba chombo kinachofanya kazi hiyo hatujakipatia jina. “Kiunganishi” ni mali ya walimu wa sarufi, na “kiungo” kiko katika mwili na katika mchuzi.

Tofauti zinazomsumbua mwanafunzi zaidi ni zile zinazoonekana kuwa ndogo. Katika Unix na jamaa zake mstari wa matini humalizwa kwa herufi moja isiyoonekana, ya kushuka mstari. Katika MS-DOS na Windows humalizwa kwa mbili, ya kurejea mwanzo wa mstari na ya kushuka. Mpiga chapa aliyezoea taipureta atatambua mara moja matendo mawili ya mkono wake: kulirudisha gari kulia na kuisogeza karatasi juu. Ukiuchukua msimbo wa Emacs ndani ya Windows kwa kutumia zana ya Git, huenda zana hiyo, kwa nia njema, ikaongeza herufi ya pili katika kila mstari, na hati ya kusanidi ikakataa kuendeshwa huku macho ya binadamu hayaoni kosa lolote. Maelekezo rasmi yanaonya kwamba mazoea hayo ya Git yazimwe kwanza. Mwongozo tulioletewa uliiruka sentensi hiyo, bila shaka kwa kuwa mfasiri hakuona umuhimu wake.

Windows, tena, haifahamu lugha ya amri ambayo hati ya kusanidi imeandikwa kwayo. Kwa muda mrefu palikuwa na hati nyingine ya pekee kwa ajili yake. Tangu toleo la 24.4 la mwaka 2014 hutumika hati ile ile ya wote, lakini fundi hulazimika kwanza kusakinisha mazingira yanayoiga Unix. Siku hizi aghalabu ni MSYS2. MS-DOS nayo iliruhusu jina la faili lisilozidi herufi nane na nyongeza ya tatu, hata majina mawili marefu yanayofanana mwanzoni yaligongana na kuwa moja. Katika macOS kihariri huundwa kwa umbo la kabati linaloonekana kama kitu kimoja, na sehemu ya msimbo inayohusika bado inaitwa kwa jina la NeXTSTEP, mfumo wa kampuni ambayo Apple iliinunua na ambao ndio uliozaa macOS.

Kwa tendo la kukifanya kihariri kikubali mfumo mpya, tumekutana na tafsiri mbili. Ya kwanza imetokana na neno la Kiingereza lenye maana pia ya bandari, nasi tutaipita kimya. Ya pili ni “kuhamisha”. Kinachohamishwa huondoka kilipokuwa, ilhali Emacs haikuondoka Unix ilipofika Windows. Tunapenda zaidi “kupandikiza”, ingawa mkulima wa mpunga atatuambia kwamba mche ukipandikizwa nao huondoka kitaluni. Tunamjibu kwa muhogo: pingili hukatwa, huchomekwa katika udongo mwingine, na shina mama hubaki shambani. Udongo ukiwa tofauti, mmea huhitaji kutunzwa tofauti, na wakati mwingine haushiki.

Upandikizaji wa karibuni uliotuletea istilahi mpya ni ule wa Android, uliotoka pamoja na toleo la 30.1 Februari 2025. Kihariri kilichoanza katika mashine za kujaza chumba sasa kinaweza kuundwa kwa ajili ya simu. Tunasema “kwa ajili ya simu” kwa sababu hakiundwi ndani ya simu ikiwa mtu atafuata njia ya kawaida. Huundwa katika kompyuta, kwa kifasiri kinachoandika maagizo ya kichakato cha simu, pamoja na zana za Java na za Android. Mfasiri ameketi katika mashine moja, naye anamwandikia msomaji aliye katika mashine nyingine. Kwa tendo hili orodha tulizoziona zina maelezo marefu ya maneno manne au matano. Sisi tumeona kwamba kauli ya kutendea inatosha: kufasiri ni kugeuza kwa matumizi ya mashine ile ile, na kufasiria ni kugeuza kwa ajili ya mashine nyingine. Walimu waliolijaribu darasani neno hilo waliuliza swali moja tu, yaani kama kifasiri cha namna hiyo nacho kiitwe “kifasiria”. Hatukuwa na jibu, nasi tumeuacha mlango huo wazi, pamoja na ule wa jina la chombo cha kuunganishia, kwa kikao kijacho cha kamati ya istilahi.